Kamera ya Sh500,000 au ya Sh90,000? Soma hii kabla hujakopa

Umepiga picha za marafiki kwa simu hadi mtaa mzima ukakubandika jina 'Foto'. Binamu yako alipofuzu chuoni ulimpeleka Arboretum, ukampiga picha chini ya miti, ukaziposti. Wiki hiyohiyo dada mmoja akakuandikia: "Niaje, unaweza kunifanyia ruracio mwezi ujao? Nitakulipa." Moyo ukaruka.

Sasa umesimama ndani ya duka la kamera katikati mwa jiji, na muuzaji ameshakusoma. Anakuwekea mkononi kamera nzito, nyeusi, na kukwambia: "Boss, hii ndiyo watu wa harusi wanatumia. Hiyo nyingine ni ya watoi."

Bei? Zaidi ya nusu milioni. Na kwenye simu yako kuna programu ya mikopo inayokukumbusha kila asubuhi kwamba umehitimu.

Tulia kwanza. Rudisha kamera ya watu juu ya kaunta, kisha tuzilinganishe hizo mbili bila pupa.

Nimechagua mifano miwili ya kampuni moja ili tusije tukaanza ule ubishi wa Canon dhidi ya Sony usiokwisha. Ya wakubwa ni Canon EOS R5, iliyozinduliwa Julai 2020. Ya wanaoanza ni Canon EOS R50, iliyozinduliwa Februari 2023. Zote mbili ni zile zinazoitwa mirolesi, yaani kamera zisizo na kioo ndani. Zile za zamani zilikuwa na kioo kilichopeleka taswira juu kwenye tundu la kuchungulia, kikiinuka kila ulipobofya. Hizi hazina hicho kioo. Ukichungulia unaona skrini ndogo inayokuonyesha picha jinsi itakavyotoka, hata kabla hujabofya.

R5 ilipoingia sokoni Marekani iliuzwa takriban dola 3,900, mwili mtupu bila lenzi. R50 ilianza na dola 680, au dola 800 ikiwa na lenzi yake ndogo. Ukipiga hesabu kwa Sh130 kwa dola, hiyo ni Sh507,000 dhidi ya Sh88,000, au Sh104,000 pamoja na lenzi. Dukani hapa kwetu ushuru na faida ya muuzaji hupandisha bei, na ya mtumba hushuka, lakini pengo ni lilelile. Kwa pesa za R5 moja unapata R50 tano na chenji.

Je, picha zake ni nzuri mara tano? Hapana. Hilo ndilo jambo ambalo muuzaji hatakwambia.

Mchana, hakuna atakayejua

Mtoe yule binamu yako nje saa nne asubuhi, kwenye kivuli kizuri. Mpige kwa R50, kisha kwa R5, mkitumia lenzi ileile. Posti zote mbili. Hakuna shabiki wako hata mmoja atakayejua ipi ni ipi.

R50 ina megapikseli 24, R5 ina 45. Inasikika kama tofauti ya mbingu na ardhi, lakini picha ya R50 ina nukta 6,000 kwa 4,000. Ukiichapisha kwa kiwango kizuri cha nukta 300 kwa inchi, unapata karatasi ya inchi 20 kwa 13, ambayo ni kubwa kuliko A3. Albamu ya ruracio haifiki huko. Na Instagram yenyewe hupunguza picha hadi upana wa nukta 1,080 hivi. Megapikseli 45 zinakufaa ukipiga matangazo ya mabango, au ukiwa Maasai Mara unataka kukata kipande kidogo cha picha ili chui aliye mbali aonekane karibu.

Kutafuta jicho la mtu na kulishikilia ni kazi ambayo zamani ilikuwa ya kamera za bei kali tu. Leo R50 nayo inafanya. Mtu akitembea kukujia, kile kijisanduku kinamfuata usoni. Video za 4K zipo kwa zote mbili. Skrini ya kugeuza mbele ili ujione ukijirekodi ipo kwa zote mbili. Zote zinapokea maiki ya nje. R50 hata ina flashi ndogo juu yake, kitu ambacho R5 haina.

Basi hizo Sh400,000 zaidi zinaenda wapi?

Unachonunua ni bima

Hebu fikiria hivi. Umemaliza harusi salama. Umepiga kanisani, mkahawani, hadi keki. Unafika nyumbani saa tano usiku, unachomeka kadi kwenye laptopu, na laptopu inakuuliza kama ungependa kuifomati. Unaitoa, unaipuliza, unairudisha. Jibu ni lilelile. Kadi imekufa.

Jumatatu mama bibi harusi anapiga simu: "Kijana wangu, zile picha za kanisani tutaziona lini?" Utamwambia nini? Harusi hairudiwi. Hata ukirudisha pesa zote, kuna nyanya aliyetoka Kitui akiwa na umri wa miaka tisini, na ile ilikuwa picha yake ya mwisho na wajukuu.

R50 ina nafasi moja ya kadi. R5 ina mbili, moja ya CFexpress na nyingine ya SD ya kawaida, na unaweza kuiagiza iandike kila picha mara mbili, huku na huku. Kadi moja ikifa, nyingine ipo. Hicho kinafasi kidogo ndicho tofauti kubwa kuliko zote kati ya kamera ya kazi na kamera ya kujifunzia, ingawa hakionekani kwenye picha hata moja.

Mengine mengi ya R5 yana sura hiyohiyo ya bima. Mwili wake umezibwa dhidi ya vumbi na manyunyu; R50 haijazibwa. Mvua ya Aprili ikikupata kwenye hema la ruracio, mwenye R5 anaendelea kupiga huku wewe ukitafuta mfuko wa plastiki. Kifungio chake, ile sehemu inayofunguka na kufunga unapobofya, kimepimwa kuhimili mibofyo 500,000. Kwa mtu anayepiga picha 2,000 kila Jumamosi, hiyo ni karibu miaka mitano bila wasiwasi.

Kisha kuna kasi. Bibi harusi anarusha maua nyuma na wasichana wanarukiana. R50 inaweza kupiga picha 12 kwa sekunde, ila ukitumia faili za RAW, zile zinazohifadhi kila kitu kwa ajili ya kuediti, pumzi inakata baada ya picha 7 hivi. Yaani nusu sekunde na ushei, kisha inasita ikimeza. R5 kwa kasi hiyohiyo hufikisha picha 180 hivi ikiwa na kadi ya CFexpress. Suluhisho la mwenye R50 ni kutumia JPEG kwa tukio kama hilo, au kujifunza kubofya kwa wakati wake. Wapiga picha wa zamani waliishi hivyo na maua yakanaswa.

Mikono nayo ina lake. R5 ina magurudumu matatu na kijiti cha kusogeza fokasi, hivyo unabadilisha mwanga na kasi bila kuondoa jicho. R50 ina gurudumu moja. Mengine unayatafuta kwa vitufe na skrini. Kwa picha za bustanini haikusumbui. Kwa ibada ambapo pasta anasogea, taa zinabadilika na watu wanasimama mbele yako, utaisikia.

Na mikono ikitetemeka, R5 ina mtambo ndani unaokisogeza kihisi ili kupinga mtikisiko. R50 haina, inategemea lenzi. Ukirekodi video ukitembea, tofauti inaonekana waziwazi.

Usiku, lenzi inashinda kamera

Watu wengi watakwambia ununue kamera kubwa kwa sababu ya giza. Wana haki, lakini nusu.

Kihisi ni ile sehemu ndani ya kamera inayonasa mwanga. Cha R5 kina milimita 36 kwa 24. Cha R50 ni kama 22 kwa 15. Ukizidisha, cha R5 ni kikubwa mara 2.6 hivi, kwa hiyo kinanasa mwanga mwingi zaidi na picha za ukumbi wenye taa hafifu hazijai chengachenga haraka.

Sasa angalia upande wa lenzi. Ile ndogo inayokuja na R50 ni ya 18-45mm, na ukiivuta hadi mwisho mlango wake wa mwanga unafika f/6.3 tu. Chukua lenzi ya RF 50mm f/1.8, iliyoanza kuuzwa kwa dola 200, takriban Sh26,000. Ukilinganisha f/1.8 na f/6.3, inapitisha mwanga zaidi ya mara 12.

Soma tena hapo. Kihisi kikubwa kinakupa mara 2.6 kwa zaidi ya Sh400,000. Lenzi inakupa mara 12 kwa Sh26,000. Ukiwa na R50 na lenzi hiyo kwenye sherehe ya usiku, utampita mtu aliyekopa akanunua R5, kisha akabaki bila hela na kuivalisha lenzi hafifu.

Tena, kwa sababu kihisi cha R50 ni kidogo, hiyo 50mm inaonekana kama 80mm, kiasi kinachopendwa kwa picha za uso. Na siku ukipanda hadi R5, lenzi hiyo inahama nawe, kwa kuwa shingo ya kamera zote mbili ni moja, RF. Lakini kaa chonjo na zile zilizoandikwa RF-S. Zinaingia kwenye R5, ila kamera inakata kingo za picha na megapikseli 45 zinashuka hadi 17 hivi. Unakuwa umelipia shamba ukalima kona.

Na kama mjomba ana lenzi za Canon za enzi ya kamera za kioo, zile za EF, usizidharau. Kuna kiungo cha Canon kinachozifunga kwenye kamera zote mbili, na fokasi inafanya kazi.

Ubaya wa kamera ya wakubwa

Kamera kubwa ina gharama ambazo hazijaandikwa kwenye boksi. Faili zake ni nzito. Ukirekodi 8K RAW, inameza karibu megabaiti 325 kila sekunde. Kadi ya gigabaiti 128 inajaa kwa dakika sita na kidogo. Kadi za CFexpress ni ghali kuliko SD, na laptopu yako ya mtumba itafungua faili hizo ikilia kama matatu inayopanda Limuru.

Joto pia. Ilipozinduliwa, Canon yenyewe ilieleza kwamba R5 inaweza kurekodi 8K kwa dakika 20 hivi mahali penye nyuzi 23. Mabadiliko ya programu yaliyofuata yalisaidia, lakini harusi ya ufukweni Mombasa mwezi Februari haijui nyuzi 23. Kwa 4K ya kawaida hutasumbuka sana. Kwa 8K panga kazi yako.

Uzito ndio huo: gramu 738 ikiwa na betri na kadi, kabla ya lenzi, dhidi ya gramu 375 za R50. Ukishuka stejini saa mbili usiku, kamera ndogo inaingia kwenye mkoba na hakuna anayejua umebeba nini.

Mitego ya kamera ya 'watoi'

R50 nayo ina yake, na ni heri uyajue kabla ya kulipa.

La kwanza linauma kweli. Pale juu panapochomekwa flashi, R50 haina zile nukta za chuma za kawaida. Flashi nyingi za zamani, na vile vifaa vya kuwashia flashi kwa mbali, haziongei nayo bila kiungo maalumu kinachoitwa AD-E1. Kuna wengi wamenunua flashi nzuri ya mtumba, wakaichomeka, wakabofya na kuona kimya. Kabla ya kununua flashi yoyote, ijaribu kwenye kamera yako palepale dukani.

La pili, haina tundu la kuvalia hedifoni. Unaweza kuchomeka maiki, lakini huwezi kusikia inachorekodi. Ukifanya mahojiano, rekodi dakika moja, icheze, sikiliza, ndipo uendelee.

La tatu, video moja haipiti saa moja. Ukirekodi mahubiri au mkutano, kaa karibu ubofye tena.

Hesabu ya kijana anayelipa kodi ya nyumba

Tuseme kila kazi unalipwa Sh15,000. Toa nauli, chakula, bando na umeme wa kuediti, ubaki na Sh10,000.

Njia ya kwanza: R5 kwa Sh507,000 na lenzi ya kazi ya RF 24-70mm f/2.8, iliyozinduliwa kwa dola 2,299, karibu Sh299,000. Jumla Sh806,000. Unahitaji kazi 81 kurudisha hela hizo. Ukipata mbili kwa mwezi, ni zaidi ya miaka mitatu, na hapo riba ya mkopo hatujaigusa.

Njia ya pili: R50 na lenzi yake kwa Sh104,000, ongeza ile 50mm kwa Sh26,000. Jumla Sh130,000. Kazi 13. Kwa mwendo uleule ni miezi saba. Baada ya hapo kila shilingi ni yako, na unaweza kuanza kuweka ya kupanda ngazi.

Lakini ile kadi moja? Hapo ndipo ujanja unapoingia. Usiweke harusi nzima kwenye kadi moja kubwa. Badilisha kadi baada ya maandalizi nyumbani, baada ya kanisa, baada ya picha za familia. Ikifa moja, hujapoteza siku nzima. Wakati wa chakula, wenzako wakiganda kwa pilau, hamisha picha kwenye laptopu au diski. Usifute kadi yoyote hadi mteja apokee kazi yake. Na kwa harusi, njoo na kamera mbili, hata kama ya pili umeazima kwa rafiki au umekodi kwa siku hiyo. Mwili wa pili wa R50 ni Sh88,000. Ukiongeza kwenye hesabu ya juu unafika Sh218,000, bado mbali sana na bei ya R5 peke yake.

R5 yenyewe unaweza kuikodi pia. Kazi kubwa ikija, ya kampuni inayotaka mabango, weka gharama ya kukodi kwenye bei unayomtajia mteja. Unaitumia, unairudisha, unalala bila deni.

Ukiamua kwenda kwa mtumba, basi nenda na macho. R5 za kwanza zipo sokoni tangu Mark II itoke Julai 2024. Jaribu nafasi zote mbili za kadi. Elekeza kamera kwenye ukuta mweupe, piga kwa f/16, kuza picha utafute madoadoa ya kihisi. Chungulia mahali lenzi inaposhikia kama kumekwaruzwa. Linganisha nambari ya siri iliyo chini ya kamera na ile ya boksi na risiti. Muuzaji asipokuwa na karatasi hata moja na bei ni tamu kupita kiasi, jua kuna mtu mahali fulani analilia kamera hiyo.

Sasa jiulize matatu

Kuna mtu anayekulipa leo kwa kazi ambayo R50 haiwezi kufanya? Si kesho, si 'nikipata konekshen'. Leo. Kama yupo na anakulipa mara kwa mara, R5 ni kifaa cha kazi kama pikipiki ya mwenye boda, inunue.

Picha zako zinaharibika kwa sababu gani? Kama ni giza, nunua lenzi au taa. Kama ni sauti ya video, nunua maiki. Kama ni watu kukatwa vichwa, hakuna kamera ya kukutibu, fanya mazoezi.

Kamera ikiibwa leo usiku, kesho utaamka na nini? Aliyenunua kwa pesa zake amepoteza kamera. Aliyekopa amepoteza kamera na bado anadaiwa.

Kwa hiyo mrudie yule muuzaji na umwambie asante. Mwambie akutolee ile ya watoi, ile 50mm, kadi tatu ndogo na betri ya ziada. Lipa, chukua risiti, toka nje ukajaribu kila kitufe. Dada wa ruracio hatauliza kamera yako ni ya bei gani. Atauliza picha ziko wapi, na siku hiyo uwe nazo zote.